Hela iwe hadharani, mgonjwa awe sirini



Najua nimepotea. Mara ya mwisho niliandika kabla ya mazoezi ya kufundisha. Tangu hapo nimefundisha Kidato cha Pili wiki nane, nimemeza vumbi la chaki la kutosha, nimerudi kampasi na bumu bado halijaingia. Maisha yanaenda. Leo lakini sitaki kulalamikia bumu wala maharage ya kantini. Kuna jambo linanikereketa tangu mwaka jana, na wiki hii rafiki yangu mmoja wa kompyuta amelichokonoa upya.

Jambo lenyewe ni hili: tukitaka kumchangia mwenzetu apate tiba ya akili, tufanyeje ili aibu isimmalize kabla tiba haijamfikia?

Mwaka wa pili, muhula wa pili, nilikaa chumba kimoja na dada ambaye hapa nitamwita Jirani, maana vitanda vyetu vilitazamana. (Nimemwomba ruhusa kabla ya kuandika, na nimebadilisha mambo mawili matatu ili asitambulike.) Jirani alikuwa mtu wa vicheko, wa kusuka watu nywele bure Jumapili. Taratibu akaanza kuzima kama simu inayoisha chaji. Kwanza aliacha vipindi vya asubuhi. Halafu vya mchana. Chakula akawa anakizungusha tu kwenye sahani. Nikiamka saa tisa usiku namkuta macho makavu, anatazama dari. Ukimuuliza, jibu lilikuwa lile lile: "Nina mawazo tu."

Siku moja aliniambia nichukue chaja kwenye begi lake, nikakutana na karatasi ambayo sitaandika ilisema nini. Niliikunja, nikairudisha palepale. Kuanzia usiku ule nikawa nalala nimegeukia upande wake.

Sisi wa ualimu tunasoma saikolojia ya elimu, tunasoma ushauri na unasihi, kwa hiyo jina la kitu kile nililijua: sonona. Ila kujua jina si kujua la kufanya. Mshauri wa wanafunzi alikuwa mmoja na foleni yake ilikuwa ya wiki tatu. Tukaenda kliniki moja mjini. Saa moja ya mazungumzo, shilingi 30,000. Mwanasaikolojia akasema tuanze na vikao sita, kimoja kila wiki. Piga hesabu mwenyewe: 180,000 kabla ya nauli. Mimi nilikuwa na 14,000, na yeye hakuwa na hata hamu ya kuhesabu.

Nikafanya anachofanya kila Mtanzania akikwama: nikaitisha mchango.

Grupu letu la WhatsApp la kozi lina watu zaidi ya mia mbili. Niliandika tu kwamba mwenzetu anaumwa na anahitaji matibabu. CR akaanza orodha kama kawaida, kila jioni anaibandika: 1. Fulani 5,000. 2. Fulani 2,000. 3. Fulani ahadi. Siku mbili, 412,000. Jamani, wanafunzi wenzangu wana roho. Kuna kaka alituma 1,000 na najua kabisa siku hiyo alishindia mihogo.

Halafu maswali yakaanza. Anaumwa nini? Kalazwa wapi? Mbona jana nimemwona bafuni yuko mzima? Mmoja akaandika kwamba wachangiaji wana haki ya kujua hela yao inatibu ugonjwa gani. Na alikuwa sahihi! Hata mimi ningeuliza. Tumeshalizwa mara ngapi na michango hewa? Basi nikaandika. Nikaandika kwa lugha nzuri, ya kisomi kabisa, kwamba mwenzetu anasumbuliwa na sonona, ni ugonjwa kama mwingine wowote, tumwombee.

Saa moja haikuisha, ujumbe wangu ulikuwa umeshafika kwenye magrupu mengine. Kufikia Ijumaa kuna mtu ametengeneza stika yenye neno Mirembe. Wasomaji wa nje ya Tanzania niwaeleze: Mirembe ni hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoko Dodoma, na mtaani jina lake limegeuzwa tusi. Mtu akifanya kituko anaambiwa ametoroka Mirembe. Mahali pa kutibia watu tumepageuza kichekesho, halafu tunashangaa kwa nini watu hawaendi kutibiwa.

Jirani aliiona ile stika. Jumapili alifungasha. Akaahirisha mwaka, akarudi kwao. Alikuwa amefanya vikao viwili tu.

Hesabu ya mchango, maana CR bado ananidai: zilikusanywa 412,000. Vikao viwili 60,000. Bajaji 12,000. Zimebaki 340,000, na ziko kwenye simu yangu mpaka leo ninapoandika. Nikiangalia salio nasikia kichefuchefu.

Sasa tuje kwa rafiki yangu wa kompyuta. Nitamwita Mtaalamu, kwa sababu ndivyo anavyojiona. Anaandaa mradi wa mashindano ya ubunifu na Jumanne alikuja na laptopu yake nimsikilize kabla hajaenda mbele ya majaji. Mradi wake: tiba ya akili kupitia blokcheni.

Kama hujui blokcheni ni nini usijisikie vibaya, mimi mwenyewe nimeelewa baada ya chai mbili. Fikiria upatu. Upatu wa kawaida una kijumbe, anakusanya, anaandika kwenye daftari lake, anagawa. Siku kijumbe akihama mtaa na daftari, mmekwisha. Blokcheni ni upatu ambao kila mwanachama ana nakala ya daftari, kila mstari unaoandikwa unaandikwa kwenye nakala zote, na mstari ukishaandikwa haufutiki. Hakuna kijumbe wa kukimbia nalo. Juu ya daftari hilo unaweza kuweka mkataba unaojitekeleza wenyewe: sharti likitimia, hela inatoka bila mtu kusaini. Na kikundi kinachoendesha mfuko wake kwa njia hiyo, kwa kura za wanachama wenye tokeni, ndicho wanachokiita DAO.

Mpango wa Mtaalamu una vipande vinne. Wachangiaji wa popote duniani waingize sarafu za kidijitali kwenye mfuko mmoja. Wanachama wapige kura nani asaidiwe. Mwanasaikolojia alipwe moja kwa moja na mkataba baada ya kila kikao. Na kumbukumbu za mgonjwa ziwekwe kwenye daftari hilo hilo, chini ya ufunguo wa mgonjwa mwenyewe, asihitaji kuiamini hospitali yoyote.

Akamaliza, akaniangalia. Nikamwambia: vipande vyako viwili vya hela nitavijadili. Vile vya mtu, futa. Tukabishana mpaka mlinzi akaja kuzima taa za ukumbi. Hapa naandika upande wangu, yeye atajibu kwenye maoni huko chini, namjua.

Nianze na pale anapopatia, nisionekane namwonea. Hela ni tatizo la kweli. Shirika la Afya Duniani, katika takwimu zake za mwaka 2020, lilionyesha kwamba nchi ya katikati kwenye orodha inatenga kama asilimia 2.1 tu ya bajeti ya afya kwa ajili ya afya ya akili. Shilingi mbili katika kila mia! Na wakati mwingine kinachokosekana ni kidogo kuliko hata bei ya kikao. Daktari wa magonjwa ya akili wa Zimbabwe, Dixon Chibanda, amesimulia hadharani mara nyingi kisa cha mgonjwa wake mmoja, binti, aliyejiua mwaka 2005. Familia ilijua binti anatakiwa kurudi kwa daktari. Walichokosa ni dola 15 za nauli ya basi. Nauli, jamani.

Na sarafu hizi zimewahi kuchangia tiba kweli, si hadithi. Desemba 2017 kuna mtu asiyejulikana jina mpaka leo aliyeanzisha kitu alichokiita Pineapple Fund. Alikuwa ametajirika kwa Bitcoin, akaamua kugawa. Mpaka anafunga mfuko mwaka 2018 alikuwa ametoa zaidi ya dola milioni 55 kwa mashirika 60. Katika hizo, dola milioni 5 zilikwenda kwa shirika la Marekani liitwalo MAPS, lililokuwa likifanya majaribio ya kutibu watu wenye kiwewe kikali kwa mazungumzo yanayosaidiwa na dawa ya MDMA. Fedha za kawaida zilikuwa zinaogopa utafiti ule. Za mtu yule asiye na jina hazikuogopa. Hapo Mtaalamu ana hoja.

Ila kisa hicho kina mkia. Agosti 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataa kuidhinisha tiba hiyo, ikataka jaribio jingine kubwa lifanyike. Moja ya hoja zilizojadiliwa sana ni kwamba washiriki wengi walijitambua wenyewe kama wamepewa dawa yenyewe au la, kwa hiyo ni vigumu kujua kilichowaponya ni dawa au matumaini. Hela inaweza kulipia swali. Jibu hailinunui.

Mfano wa karibu zaidi uko Kenya. Mombasa, mwaka 2013, wakazi wa mtaa wa Bangladesh walianza kutumia hati zao za kubadilishana bidhaa zilizoitwa Bangla-Pesa, wakati shilingi zikiadimika. Baadaye shirika lililokuwa nyuma yake, Grassroots Economics, liliuhamishia mfumo huo kwenye blokcheni kwa jina la Sarafu, na mtu aliweza kuitumia kwa simu ya tochi kwa kubonyeza namba tu. Mama ntilie hakuhitaji kujua neno blokcheni. Alihitaji unga. Nilipomwambia Mtaalamu hivyo alifurahi sana, akadhani nimekubali mradi mzima.

Bado. Hata kwenye hela yenyewe kuna mashimo.

Shimo la kwanza: thamani. Novemba 2021 Bitcoin moja ilikaribia dola 69,000. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya dola 17,000. Sonona ya mtu haisubiri soko lipande. Ukimwanzishia mtu vikao sita, ukamkatia kwenye cha tatu kwa sababu sarafu imeporomoka, umemfanyia jambo baya kuliko kutomwanzishia kabisa. Hilo tumelisoma darasani: mtu aliyefungua kidonda hupaswi kumwacha wazi.

Shimo la pili: sheria. Benki Kuu yetu ilitoa tangazo Novemba 2019 kwamba sarafu hizo si fedha halali nchini. Juni 2021 Rais Samia aliitaka benki hiyo hiyo ianze kujiandaa kwa mambo haya, kwa hiyo mlango haukubamizwa. Lakini mwanasaikolojia wa mjini ana kodi ya pango ya kulipa kwa shilingi, na mwenye nyumba hataki tokeni.

Shimo la tatu ndilo linaloniuma: eti hakuna kijumbe. Mwaka 2016 kulikuwa na mfuko ulioitwa The DAO, ulikusanya kama dola milioni 150 za wachangiaji. Juni mwaka huo mtu alipata upenyo kwenye maandishi ya mkataba unaojitekeleza na akachota ether milioni 3.6. Mkataba ulitekeleza, kweli, ukamtekelezea mwizi. Na ilibidi watu, binadamu kabisa, wabishane na kukubaliana kuligawa daftari zima la Ethereum ili kuirudisha ile hela. Kijumbe alikuwepo siku zote, alikuwa amejificha tu.

Na kura? Kwenye mifuko mingi ya namna hiyo mwenye tokeni nyingi ana kura nyingi. Ni sawa na kikao cha ukoo ambacho mjomba aliyenunua ng'ombe ndiye anaamua mgonjwa apelekwe wapi. Sasa fikiria Jirani wangu anapigiwa kura. Watu mia mbili, wengine hawajawahi kumwona, wanasoma maelezo ya huzuni yake na kuamua kama inatosha kusaidiwa. Ili ushinde kura lazima ulie vizuri. Hiyo tayari tuliifanya kwenye WhatsApp na mmeona mwisho wake.

Sasa kipande cha kumbukumbu. Hapa Mtaalamu alidhani amenishika. Akanipa kisa cha Finland. Kampuni ya tiba ya mazungumzo iitwayo Vastaamo iliibiwa kumbukumbu za wagonjwa wake, kama 33,000 hivi. Mwaka 2020 mwizi aliidai kampuni Bitcoin 40, na alipokosa akawaandikia wagonjwa wenyewe, mmoja mmoja: lipa euro 200 kwa Bitcoin la sivyo siri zako zinatoka. Hebu jiweke pale. Maneno uliyomwambia mtu mmoja, mlango umefungwa, unayasoma kwenye barua ya mwizi. "Unaona?" Mtaalamu akasema. "Wameweka kila kitu kwenye kabati moja. Ungekuwa mfumo uliotawanywa isingetokea."

Nikamwambia, kabati moja ni baya, nakubali. Lakini dawa ya kabati moja si kuyachonga maneno kwenye jiwe. Anasema yatafungwa kwa ufunguo. Sawa. Ufunguo huo nani ataushika? Mtu ambaye wiki hii hawezi hata kukumbuka kula? Na akiupoteza? Na mumewe au mama yake akimlazimisha autoe? Kufuli la leo baada ya miaka ishirini litakuwa bado kufuli? Daftari lisilofutika maana yake ni kwamba ukikosea mara moja, umekosea milele. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu njia ya kudai taarifa zake zifutwe. Utafutaje kitu ambacho sifa yake kuu ni kutofutika?

Na kuna jambo zito zaidi, ambalo hatupendi kulitaja. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinapingana na katiba. Sisi bado tunacho. Kwa hiyo mtu akimwambia mwanasaikolojia wake ukweli wote, amemwambia jambo ambalo kwenye karatasi ya serikali ni kosa. Wewe unataka kuliandika kwenye daftari lenye nakala duniani kote? Ile karatasi niliyoikuta kwenye begi la Jirani, niliikunja na kuirudisha. Huo ndio uzuri wa karatasi, hukunjwa, na siku mtu akipona huichoma.

Mtaalamu akanyamaza kidogo. Akasema, basi wewe unapinga tu, leta lako.

Nalileta. Si langu, ni la Harare.

Baada ya kumpoteza yule binti, Chibanda alijiuliza ni nani yuko karibu na watu, hahitaji nauli kufikiwa. Jibu likawa: bibi. Mwaka 2006 alianza na mabibi 14 wa mtaa wa Mbare, waliokuwa tayari wanajitolea kwenye mambo ya afya ya jamii. Wakafundishwa tiba ya mazungumzo ya kutatua matatizo, wakapewa benchi la mbao nje ya zahanati. Unakaa, bibi anakusikiliza, mnachagua tatizo moja, mnalitafutia hatua moja, unarudi tena. Hawakuliita sonona. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Unaona? Ni "nina mawazo tu" ya Jirani kabisa.

Mwaka 2016 matokeo ya utafiti wao yalichapishwa kwenye jarida la JAMA. Watu 573, zahanati 24 za Harare. Baada ya miezi sita, waliopata huduma ya kawaida, karibu 50 kati ya kila 100 bado walikuwa na dalili za sonona. Waliokaa na mabibi, kama 14 kati ya 100. Mradi huo, Friendship Bench, umeshavuka mipaka, na Zanzibar nao wameufikia.

Sasa angalia benchi hilo kwa jicho la hela. Gharama yake ni nini? Mafunzo, posho ya bibi, simu yake, msimamizi wa kumpigia akikutana na mtu aliye hatarini, na mbao. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo chenye jina la mgonjwa. Hapo ndipo nilipomwambia Mtaalamu: mlipe msikilizaji, usimlipie mgonjwa. Mfuko uchangie benchi. Daftari lifuate benchi. Liwe wazi kadiri unavyotaka, liwe na nakala elfu, lisifutike mpaka kiyama, kwa sababu kitakachoandikwa humo ni "posho ya wasikilizaji watano, mwezi wa tatu" na basi.

Akaja na njia ya katikati: tumlipe kwa kikao, mgonjwa aandikwe kwa namba, si jina. Hapana. Hosteli ni kijiji. Kama hela inatoka kila Alhamisi saa nne na kila Alhamisi saa nne fulani haonekani darasani, namba hiyo ina jina tayari. Msikilizaji alipwe kwa mwezi, awe amesikiliza watatu au kumi na watatu. Mstari mmoja wa daftari usije ukawa mtu mmoja.

Je, wachangiaji watajuaje hela haikuliwa? Swali halali, ndilo lililomfukuza Jirani, kwa hiyo lazima lijibiwe vizuri. Wahesabu vitu vinavyohesabika bila kumvua mtu nguo: mabenchi mangapi yako wazi, saa ngapi kwa wiki, wasikilizaji wangapi wamefunzwa, jumla ya waliokuja kwa muhula mzima. Anayetaka kuhakikisha aende akalione benchi lenyewe. Na hela isitoke bila watu watatu kati ya watano kukubali. Blokcheni inaweza kufanya hivyo, na ni kazi nzuri, hasa kama kuna ndugu zetu wa ughaibuni wanaochangia na hawatuamini (na wana sababu). Ila hata akaunti za vikundi za kwenye simu zinaweza, hela haitoki mpaka wenzako nao wabonyeze namba zao za siri, na ziko kwa shilingi. Kwa mfuko wa darasa, tuanzie hapo. Mtaalamu hakupenda sehemu hii, maana majaji wa ubunifu hawatoi zawadi kwa akaunti ya simu.

Mazungumzo kwa mbali, kwa simu iliyofungwa vizuri, sawa, yanasaidia wengi. Lakini lazima kuwe na mtu anayewajibika, mwenye jina na mahali. Mkataba unaojitekeleza hauamki saa tisa usiku. Hauwezi kugeukia upande wako kitandani.

Kuna mtu atasema mimi nataka watu waendelee kujificha, kwamba aibu itaisha tukijitangaza. Siku Jirani akitaka kusimama mbele ya darasa na kusema "niliumwa, nikatibiwa", nitakuwa wa kwanza kupiga makofi. Lakini aamue yeye, kwa wakati wake. Kumtangaza mtu yuko chini, halafu tukaita huko kupambana na unyanyapaa, ni kumfanyia ujasiri kwa mwili wake.

Juzi nilimpigia kumwomba ruhusa ya kuandika haya. Hakupokea. Jioni akanitumia ujumbe wa sauti wa dakika sita, dakika tano nzima anasimulia mbuzi wa mama yake waliokula mchicha wa jirani na ugomvi uliofuata. Alikuwa anacheka. Ana mtu wa kuongea naye huko, ni mama wa kanisani kwao aliyewahi kuwa muuguzi, hamlipi chochote. Mwishoni, kama mtu aliyekumbuka kitu dukani, akasema: "Andika tu. Na ile hela mpe mwingine. Ila usimtangaze."

Kwa hiyo wandugu, zile 340,000 zina kazi. Nimeongea na CR, na mhadhiri mmoja wa unasihi amekubali kusimamia bila malipo. Tunataka wanafunzi wanne wa mwaka wa tatu, wenye masikio, wafunzwe kusikiliza na kujua lini waite msaada mkubwa. Hela italipia mafunzo na vocha za simu. Mimi na CR tumo kwenye watu watano wa kukubali matumizi, bado nafasi tatu. Kikao ni Jumamosi saa nne, pale chini ya mwembe nyuma ya maktaba. Matumizi yote yatabandikwa kwenye grupu, mpaka shilingi ya mwisho. Majina ya watakaokuja kukaa kwenye benchi hayatabandikwa popote, na msiniulize.

Mtaalamu amesema atakuja, anataka kutuandikia programu ya mahesabu. Nimemwambia karibu, ila alete na misumari. Benchi halijitengenezi lenyewe.

Na kama wewe unayesoma hapa ndiye unayetazama dari saa tisa usiku: mwambie mtu mmoja. Si grupu. Mmoja.

Kesho nina testi saa mbili asubuhi na sijafungua daftari. Alamsiki.